Grafu ni ya kijani lakini simu inazunguka: kwa nini "mtandao unasumbua" wakati mafundi wanasema uko sawa

Kwenye meseji tunazopokea katika kipindi cha asubuhi, maneno mawili hayakosekani: mtandao unasumbua. Yanatoka Karema na Ikola kule ziwani, yanatoka Inyonga, yanatoka Katumba na Mishamo, na yanatoka hata hapa Mpanda mjini, hatua chache kutoka studio.

Msimu huu wa kilimo mkulima mmoja wa mahindi wa Majimoto, halmashauri ya Mpimbwe, alituandikia kuwa alikaa kwenye duka la pembejeo tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mbolea ilikuwepo, aliiona kwa macho yake. Hela alikuwa nayo mfukoni. Kwenye daftari la kijiji jina lake limo. Kilichokwama ni ukurasa wa kuhakiki namba yake kwenye simu ya mwenye duka: kiduara kilizunguka, kikazunguka, kikazima. Mwenye duka akamwambia mtandao unasumbua. Yeye akapiga huduma kwa wateja, akajibiwa kwamba eneo lake halina tatizo lolote.

Swali lake kwetu lilikuwa fupi: nani kati ya hawa wawili anadanganya?

Tumelizunguka swali hili kwa muda, tukaongea na mafundi, na pia tukapata la kwetu wenyewe ambalo tutalisimulia hapa bila kujificha. Jibu tulilofikia ni kwamba inawezekana kabisa hakuna aliyedanganya. Mwenye duka alisema alichokiona kwenye simu, na aliyepokea simu alisema alichokiona kwenye grafu. Shida iko kwenye kile ambacho grafu hiyo inapima, na mahali inapopimia.

Tuanze na njia yenyewe. Ukibonyeza kitu kwenye simu ukiwa Majimoto, ombi lako linakwenda kwanza kwenye mnara. Kutoka mnarani linasafiri, kwa mawimbi au kwa waya, hadi kwenye Mkongo wa Taifa, yaani zile nyaya za faiba zinazosimamiwa na TTCL na kuunganisha mikoa. Mkongo unalifikisha Dar es Salaam au kituo kingine chenye seva. Kama unachotaka kiko nje ya nchi, linaingia baharini kwenye nyaya zilizolazwa chini ya maji, linafika Ulaya au Afrika Kusini, halafu jibu linarudi njia hiyo hiyo. Popote kati ya hapo pakiziba, wewe unaona kitu kimoja tu: kiduara.

Wengi mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Siku ile nchi nzima ilikwama. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alieleza kuwa hitilafu iko baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya mbili zilikuwa zimeathirika kwa pamoja, EASSy na Seacom, na ndizo hizo hizo zilizotuletea intaneti ya kasi miaka ya 2009 na 2010. Kenya, Uganda na wengine waliumia pia. Siku zile tulipokea simu za watu waliodhani mnara wa kijijini kwao umeungua. Mnara ulikuwa mzima. Mkongo ulikuwa mzima. Kilichokatika kilikuwa maelfu ya kilomita kutoka Katavi, chini ya bahari.

Siku ile pia ndipo watu wengi walipojiuliza jambo ambalo ndilo hasa tunataka kulizungumzia: inakuwaje kitu kimoja kinafunguka na kingine kinagoma, simu ile ile, laini ile ile, bando lile lile?

Sababu moja kubwa inaitwa kache. Ni neno la mafundi, lakini kazi yake unaijua tangu utoto. Sukari haitengenezwi Mpanda. Inakuja kwa treni ya Kaliua au kwa lori la Tabora. Sasa kama kila mama anayetaka kilo moja angelazimika kuagiza kilo yake kutoka kiwandani, tungekunywa chai kavu. Kwa hiyo mwenye duka la jumla analeta magunia, anayaweka stoo, nasi tunachota hapo. Kache ni stoo ya namna hiyo. Ni seva iliyo karibu na wewe inayotunza nakala ya vitu vinavyoombwa mara kwa mara, ili ombi la pili, la tatu na la elfu moja lisisafiri tena hadi chanzo. Kampuni kubwa kama Google na Meta huweka seva zao za namna hii ndani ya mitandao ya kampuni za simu, kwa sababu zinaokoa gharama za pande zote mbili. Wimbo unaosikilizwa na nusu ya nchi unaweza kukujia kutoka Dar es Salaam bila kugusa bahari. Ujumbe wako wa WhatsApp hauwezi kukaa stoo, kwa sababu ni wako peke yako na lazima ufike kwa wenye WhatsApp kwanza.

Stoo moja haitoshi kwa watu wengi, kwa hiyo seva huwekwa kwa kundi, mbili, kumi, mia. Kila moja inatunza sehemu yake. Hapo ndipo kazi ya fundi inapokuwa ngumu, kwa sababu kundi zima linaweza kuonekana lina afya huku seva moja inaumwa, na watu waliopangiwa ile moja ndio wanaoteseka.

Sasa la kwetu.

Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, sisi kama redio tuliandaa ukurasa wa kueleza jinsi ya kuyaangalia, pamoja na orodha ya shule za mkoa wetu na namba zake za kituo. Tulijua wazazi wengi wangehitaji. Tukaurusha kiungo chake kwenye Facebook na kuutangaza hewani. Haikupita saa moja meseji zikaanza: ukurasa haufunguki. Tukajaribu wenyewe kwa simu zetu, haufunguki. Tukampigia fundi wa kampuni inayotuhifadhia tovuti. Akaangalia grafu zake akatuambia kila kitu ni kijani, tovuti inafunguka kwa chini ya sekunde moja, labda tatizo ni bando letu. Mtangazaji mwenzetu alikasirika, na tusiseme alichojibu.

Fundi alitusaidia baadaye alipokubali kuacha grafu na kusoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Alikuta mambo ambayo tangu hapo tunayaona kila mahali.

Kwanza, kipimo chake kilikuwa kinafungua ukurasa wa mbele wa tovuti, kila baada ya dakika chache, kutoka kwenye kompyuta iliyoko Dar es Salaam, karibu kabisa na seva yenyewe. Ukurasa wa mbele siku zote uko kwenye kache. Ni sawa na mkaguzi anayekuja dukani kila siku kuuliza kama kuna chumvi. Chumvi haikosekani kamwe, basi anaandika duka liko vizuri na kuondoka, wakati foleni ya mbolea imefika barabarani.

Pili, na hili lilitushangaza, ukurasa wetu wa matokeo haukuwa ukitoka kwenye kache kabisa. Mtu akibonyeza kiungo kutoka Facebook, Facebook hubandika mkia wa herufi na namba mwishoni mwa anwani, na mkia huo hutofautiana. Wewe huoni tofauti, ukurasa ni ule ule. Lakini kache yetu haikuwa imefundishwa kuupuuza mkia. Ilisoma anwani nzima, ikaona kila mtu kama anaomba ukurasa mpya ambao haujawahi kuombwa, ikamtuma kila mmoja hadi kwenye chanzo. Stoo imejaa sukari, na mwuza duka anamwambia kila mteja aende kiwandani kwa sababu kila mmoja amekuja na kikapu cha rangi tofauti.

Chanzo, yaani ile seva ya nyuma yenye hifadhidata, kilikuwa kimejengwa kwa kudhani kwamba kache ingebeba mzigo mwingi. Kikazidiwa.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo inafaa kila anayesimamia mfumo wa umma aijue. Chukua mfano: katika maombi 100, kache inajibu 95 na chanzo kinajibu 5. Kesho kache inajibu 90. Kwenye grafu mstari umeshuka kidogo tu, kutoka 95 hadi 90, na mtu aliyechoka anaweza kusema hiyo si kitu. Lakini ukiangalia upande wa chanzo, maombi yametoka 5 hadi 10. Mzigo umeongezeka mara mbili. Ikishuka hadi 80, mzigo ni mara nne. Fundi mzuri anaangalia wanaorudishwa zaidi kuliko wanaohudumiwa.

Wastani nao una ujanja wake. Tuseme watu 100 wanafungua ukurasa. Tisini wanaupata kwa sekunde 1, na kumi wanasubiri sekunde 30 kila mmoja. Ukipiga wastani unapata sekunde 3.9, na ripoti itasema huduma inaridhisha. Hao kumi hawamo kwenye sentensi hiyo. Na mara nyingi hao kumi hawatawanyiki ovyo, wanakaa mahali pamoja. Wako kwenye mnara mmoja, kata moja, au seva moja kati ya kundi. Ndiyo maana mafundi waliobobea hawaishii kwenye wastani. Wanauliza yule wa tisini na tisa kati ya mia amesubiri muda gani.

Msidhani mambo haya yanawapata wenye tovuti ndogo za redio tu. Tarehe 23 Septemba 2010 Facebook ilizimika kwa takriban saa mbili na nusu, na maelezo waliyoyatoa wenyewe yanafanana na yetu kwa umbo, ingawa wao ni tembo na sisi ni sisimizi. Walikuwa na mfumo wa kujikagua: kompyuta ikiona nakala kwenye kache ina kasoro, inaifuta na kuchukua mpya kwenye chanzo. Siku hiyo thamani mpya iliyowekwa kwenye chanzo chenyewe ikahesabiwa kuwa na kasoro. Kila kompyuta ikakimbilia chanzo kurekebisha kwa wakati mmoja, maombi mamia ya maelfu kwa sekunde. Chanzo kikalemewa na kurudisha makosa. Kompyuta zikatafsiri makosa hayo kuwa nakala bado ni mbovu, zikafuta na kuuliza tena. Hata baada ya kasoro ya mwanzo kurekebishwa, msongamano uliendelea kujilisha. Dawa ilikuwa kuifunga tovuti yote kwanza, chanzo kipumue, kisha kuwaruhusu watu kidogo kidogo. Mfumo uliowekwa kuponya ndio uliougeuza ugonjwa kuwa janga.

Miaka kumi na moja baadaye, tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea tena, kwa saa zetu kuanzia karibu saa kumi na mbili na nusu jioni hadi karibu saa saba usiku. Safari hii hitilafu ilikuwa kwenye njia za mtandao wao, si kache. Tunaitaja kwa sababu moja: zana ambazo mafundi wao hutumia kuchunguza hitilafu zilipita kwenye mtandao ule ule uliokatika. Kipimajoto kilizimika pamoja na mgonjwa. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye majengo ya seva. Kwa lugha ya huku kwetu, ukimweka mlinzi wa ghala alale ndani ya ghala, moto ukiwaka usitegemee yeye ndiye atakuja kukugongea.

Turudi nyumbani. Kwenye mambo ya simu, kazi ya kupima ubora wa huduma ni ya TCRA, kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 na kanuni zake za ubora wa huduma. Inapima na kuchapisha taarifa. Minara nayo inaongezwa: Mei 2023 ilisainiwa mikataba kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26. Hayo ni mambo mazuri, na mtu wa Mwese au Kabungu aliyewahi kupanda juu ya kichuguu kutafuta mawimbi hahitaji kuelezwa faida ya mnara.

Lakini mnara unamaliza kipande kimoja tu cha safari. Huduma nyingi zinazomgusa mkulima sasa zimehamia kwenye seva: usajili wa mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/2023, matokeo ya watoto, uchaguzi wa wanafunzi wa kidato cha tano, vitambulisho, malipo ya Serikali kwa namba ya malipo. Kila moja ina kundi lake la seva, na kila moja ina mtu anayeangalia grafu mahali fulani. Tungependa kuuliza, na tutaendelea kuuliza hewani: grafu hiyo inapima ukurasa upi? Kutoka wapi? Kwa simu ya aina gani? Mfumo unaopimwa kwa kompyuta ya ofisini Dodoma yenye faiba unaweza kuwa mzima kabisa kwa anayepima, na maiti kwa anayetumia simu ya elfu themanini akiwa Usevya.

Sisi tulibadilisha. Fundi aliifundisha kache kuupuuza ule mkia wa Facebook, kazi ya mistari michache. Kipimo kikahamishwa kutoka ukurasa wa mbele kwenda kwenye kurasa ambazo watu wanazihitaji kweli. Na tukaongeza kipimo ambacho hakina grafu: waandishi wetu wa Inyonga na Karema, kila siku saa nane mchana, wanafungua ukurasa mmoja kwa simu zao za kawaida na kututumia idadi ya sekunde kwa meseji ya kawaida. Mara mbili tayari wamegundua tatizo kabla ya kompyuta. Mara moja walipiga kelele bure, bando lilikuwa limeisha.

Na wewe msikilizaji unaweza kupima. Ukurasa mmoja ukigoma, jaribu mwingine wa kitu tofauti kabisa. Kama vyote vinagoma na kupiga simu ya kawaida pia kunasumbua, mshuku mnara. Kama simu inaita vizuri na tovuti nyingine zinafunguka, lakini huduma moja tu imekwama kwa wewe na kwa jirani mwenye laini ya kampuni nyingine, basi yaelekea tatizo liko kwenye seva za huduma hiyo, na kubadilisha laini au kuongeza bando ni kupoteza hela. Kama inafunguka alfajiri na kugoma mchana, huo ni msongamano, iwe wa mnarani au wa seva. Usibonyeze kufungua upya kila sekunde. Kila ukibonyeza unaongeza ombi jingine kwenye foleni, na watu elfu wakifanya hivyo wanafanya kwa vidole kile ambacho kompyuta za Facebook zilifanya mwaka 2010.

Kwa matokeo ya NECTA na baadhi ya huduma za Serikali ipo pia njia isiyohitaji intaneti: piga *152*00# kisha fuata maelekezo, chagua Elimu, halafu NECTA. Kuna makato madogo. Inapita njia tofauti na tovuti, na kwa simu ya kitochi ndiyo njia pekee.

Ukitaka kulalamika, usiseme mtandao unasumbua. Andika saa, kijiji, kampuni ya laini, huduma iliyogoma, na iliyofanya kazi wakati huo huo. Peleka kwa mtoa huduma kwanza na udai namba ya lalamiko. Usiporidhika, nenda TCRA ukiwa na namba hiyo. Lalamiko lenye saa na mahali linaweza kulinganishwa na kumbukumbu za seva. Lisilo na hivyo, fundi atafungua grafu yake, ataona kijani, na mazungumzo yataishia hapo.

Yule mkulima wa Majimoto alipata mifuko yake siku ya tatu. Ukurasa ulifunguka mara moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla maduka mengine hayajafunguliwa. Tangu siku hiyo mwenye duka anafungua saa kumi na mbili kamili, na tunaambiwa foleni sasa inaanza saa kumi na moja.